Ngozi ya Mkono wa Kulia

Daktari alikuwa ameshaushika mkono wangu wa kushoto, ameugeuza kiganja juu, anaubonyeza kifundoni kama mtu anayechagua parachichi sokoni, nilipomwambia uongo. Nilimwambia kwamba mimi hutumia mkono wa kushoto. Akauachia palepale, akaomba wa kulia. Mke wangu alikuwa ameketi pembeni mwa meza, kikapu magotini. Alinitazama mara moja, kisha akageukia dirisha.

Katika maisha yangu yote sikuwahi kutumia mkono wa kushoto kwa jambo ninaloweza kulitaja mbele za watu. Nilizaliwa Majengo, Thika, kwa baba Mkamba aliyesilimu na mama ambaye babu yake aliletwa huku na kazi ya upagazi kutoka upande wa Tabora. Nyumbani kwetu mtoto akipeleka kushoto kwenye sinia alipigwa kofi la kiganja kabla hajagusa wali. Kushoto ni kwa chooni. Hakuna aliyetuketisha akatueleza. Tulikua nalo kama tulivyokua na majina yetu.

Na kazi yangu ilikuwa kuchinja. Nilikuwa mchinjaji katika kichinjio kimoja Ruiru, miaka ile ya tisini ambapo bucha zilikuwa zikiota huko kila kona. Wachunaji karibu wote walikuwa Wakikuyu, Wakristo, na wengine waliotoka magharibi. Lakini mnyama hakuangushwa mpaka Mwislamu afike, ili nyama ile iweze kuliwa na kila mtu. Mwislamu huyo nilikuwa mimi. Unamwelekeza mnyama kibla, unataja jina la Mungu, unakata mara moja, kisu kikali, bila kumtesa. Anayekata ndiye anayetaja. Huwezi kumweka mmoja ataje na mwingine akate. Kwa hiyo vifaa vyangu vilikuwa vitatu: kisu, mkono wa kulia na ulimi, na katika vitatu hivyo ni kisu tu ambacho ungeweza kununua kingine.

Mkaguzi wa nyama ndiye aliyenikamata. Alikuwa Mkikuyu mpole mwenye koti jeupe lililojaa madoa ya wino wa muhuri wake. Kila ng'ombe aliyeanguka, yeye huvuta ulimi, huubonyeza kwa kidole gumba kutoka shinani hadi nchani, huupasua kidogo akachungulia. Mimi nilikuwa na kidonda ubavuni mwa ulimi, upande wa kushoto, karibu na jino lililomeguka. Nilikuwa nimekisukutua kwa chumvi, nimekigandamiza karafuu, nimekipaka dawa ya rangi ya zambarau mpaka watoto wangu wakanicheka. Miezi ikapita. Siku moja tukinywa chai aliniona nikikunja uso, akaniambia nitoe ulimi. Nilikataa. Akasema ameona ndimi nyingi kuliko daktari yeyote wa Thika, na hilo sikuweza kubishana nalo. Akafunga kidole kwa leso safi, akabonyeza. Nilingoja mzaha, maana alikuwa mtu wa mzaha.

"Mzee, hii kitu iko ngumu," akasema. "Kama ni ng'ombe, hii ulimi haitoki hapa na muhuri yangu. Enda hospitali leo. Si kesho."

Nilimkasirikia juma zima kwa kunifananisha na ng'ombe, lakini nilienda. Thika wakakata kipande kidogo wakakipeleka kupimwa, na majibu yalipotoka wakanituma hospitali kubwa ya Nairobi. Ilikuwa saratani.

Yule daktari wa Nairobi alikuwa kijana wetu aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo, na upasuaji aliotaka kunifanyia ulikuwa bado mgeni hapa kwetu. Alinieleza vizuri, bila haraka. Ataondoa nusu ya ulimi, upande wa kushoto, pamoja na tezi za shingoni. Akiishia hapo, nusu iliyobaki itagandamana na sakafu ya kinywa. Chakula kitapotea njia na maneno yatakuwa uji. Kwa hiyo atachukua ngozi ya mkononi, chini ya kiwiko, pamoja na mishipa yake ya damu, ataikunja iwe nusu ulimi, aishone mahali pake, na mishipa ile aiunganishe na mishipa ya shingo ili kiraka kiishi. Nilimwuliza ni mishipa ipi ya shingo. Akanigusa chini ya taya kunionyesha. Niliijua. Ilikuwa mishipa ambayo mimi huikata kila asubuhi, na sasa mtu alikuwa anataka kushona mmojawapo kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Niliogopa sana.

Kisha akasema kwamba ngozi huchukuliwa kwenye mkono ambao mgonjwa hautumii sana, akaushika wa kushoto.

Sitajitetea. Nitasema tu nilichokiona pale. Sikuona saratani wala kisu chake. Nilijiona nimeketi kwenye sinia na ndugu zangu, na kinywani mwangu imelala ngozi iliyofanya kazi ya choo miaka arobaini na mitano. Nilijiona nimemshika fahali shingo, nataja jina la Mungu juu ya ngozi ile. Sikumwuliza mtu. Mimi huwa siulizi. Huwa naamua, halafu nakasirika. Nikasema mimi ni wa kushoto.

Uongo una njaa, ukishaulisha mara moja unarudi. Daktari aliubana mkono wangu wa kulia, mishipa yote miwili ya kifundo, mpaka kiganja kikawa cheupe, akaachia mmoja, damu ikarudi, akaridhika. Kisha akasukuma karatasi ya kukubali upasuaji na kalamu, akaiweka upande wangu wa kushoto. Nilisoma mpaka darasa la saba, na hati yangu ilisifiwa na mwalimu mkuu mbele ya shule nzima. Siku ile niliandika jina langu kama kuku aliyeparura majivu. Daktari aliangalia, akaniambia kwa upole mwingi kwamba si lazima kuandika, naweza kutia alama ya kidole. Nikatia kidole gumba cha kushoto kwenye wino, mbele ya mke wangu, kama mtu asiyejua kalamu ni nini.

Tulipotoka kwenye ushoroba alitembea nyuma yangu hatua chache, kisha akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu leo.

"Na kisu utashika na nini?"

Nikamwambia wanachukua ngozi tu, hawachukui mkono. Akahamishia kikapu mkono wa pili, akanipita. Nilidhani nimemshinda.

Nilipozinduka baada ya upasuaji nilikuwa na tundu kooni la kupumulia, mpira puani wa kulishiwa, paja limebanduliwa ngozi ya kufunikia pale mkononi, na mkono wa kulia umefungwa plasta kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Kinywa kilikuwa kimejaa kitu kikubwa, kinene, kisicho changu. Sikuweza kusema hata "m". Muuguzi wa zamu, mama mmoja Mluhya mwenye sauti ya kanisani, alikuja na daftari la shule, akaniwekea kalamu kwenye mkono wa kushoto. Mto ulikuwa unausukuma ule mpira, nami nilitaka kumwambia hivyo tu, autoe mto. Nikaandika. Akasoma, akaligeuza daftari juu chini, akasoma tena.

"Mzee, hii ni nini? Si hapa kwa faili wameandika wewe ni wa left?"

Niliitupa kalamu. Akaiokota, akaifuta, akaniwekea mkononi mlemule. Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda. Sina ulimi, sina mkono, nimebaki na ule mmoja ambao nilikuwa nimeukana, nao ulikuwa mjinga kama mtoto wa mwaka mmoja. Kila saa muuguzi alikuja akanifungua kinywa, akakichoma kiraka kwa sindano aone kama kinatoa damu nyekundu. Mimi sikuhisi kitu. Alikuwa akiniambia damu iko sawa, mkono umekubali kukaa mdomoni, huku mimi namtolea macho. Alinizoea. Mwishoni alikuwa akiniuliza mambo kwa namna ambayo ningejibu kwa kupepesa jicho tu, na nadhani alikuwa amejua, lakini hakuniuliza.

Tundu la koo likafungwa, mpira ukatolewa baada ya kujaribiwa kumeza maji, kisha uji. Nikarudi Thika. Kisha majuma ya kuchomwa miale, ambayo yalinikausha mate mpaka leo natembea na chupa ya maji. Lakini kabla ya miale kulikuja nywele. Mkono wangu ni wa nywele nyingi, na kiraka hakikujua kwamba kimehama. Zikaota ulimini, nyeusi, zikishika uji. Mke wangu aliniketisha mlangoni penye mwanga, akanifungua kinywa, akaanza kuzing'oa moja moja kwa kibanio. Ya tatu au ya nne ikamshinda. Akacheka mpaka akakaa chini. Nilitaka kukasirika. Sikuweza, kwa sababu nami nilikuwa nacheka, mate yananitiririka shingoni, na ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Mkono ndio uliokataa. Ile ngozi ya paja iliyofunika pengo haikushika yote. Kuna mahali ilikufa, na chini yake nikaziona kano zangu mwenyewe, nyeupe, zinang'aa, kama ninavyoziona za ng'ombe. Miezi ya kufungwa bandeji zilizoloweshwa. Mwishowe kidonda kilifunga, lakini kilifunga kwa kuvuta. Gumba na kidole cha shahada havikukutana tena. Ningeweza kuinua ndoo kwa vidole vilivyobaki. Sikuweza kufunga kifungo cha shati.

Nikawa mtu wa kutembea. Nyumbani sikukalika, nikiketi nilihisi kile kitu kinywani kimekaa nami, kinaningoja. Muuguzi alinipa karatasi ya mazoezi, la-la-la, sa-sa-sa, ka-ka-ka, mara nyingi kwa siku, nami niliyafanya nikienda. Kutoka Majengo mpaka daraja la Chania. Kutoka darajani mpaka eneo la viwanda, nikapita kwenye malango saa wafanyakazi wanapotoka kula, harufu ya mananasi ya kuchemshwa imejaa hewani na mimi nusu ya ulimi haijui nanasi ni nini. Kisha mtaa wa Landless, nikizunguka bila kuwa na mtu wa kumwona. Vijana walioketi ukutani walinisalimia, "Sasa, mzee!" nami nipo katikati ya zoezi, nikapita nikisema sa-sa-sa, wakaona nimechangamka.

Wengine hawakuwa na adabu hiyo. Watu wakisikia unatamka vibaya hudhani masikio nayo yamekatwa. Wakanipigia kelele. Mama wa kioski, ambaye nilikuwa nimenunua maziwa kwake miaka kumi, alimwuliza mke wangu mbele yangu, "Siku hizi anakula nini?" Nilimjibu mwenyewe, na jibu langu halikueleweka, na pengine ni heri. Thika nzima inachanganya r na l kutoka asubuhi hadi jioni na hakuna anayepigiwa kelele. Mimi l yangu ilikuwa imekatwa kwa kisu, na nilikuwa naidai.

Nilichokuwa nakitaka hakikubadilika: nirudi Ruiru, nitaje, nikate. Wanazuoni wana maneno yao vitabuni juu ya bubu na mwenye kigugumizi, lakini wanunuzi wa nyama hawasomi vitabu, wanasikiliza mdomo. Nilijifungia chumbani nikasema Bismillahi, nikasema Allahu Akbar. Mwanzoni s ilitoka kama upepo chini ya mlango. Nikajifunza kuukaza upande mzima wa ulimi na kukilaza kiraka dhidi ya meno, kukitumia kama ukuta, maana ukuta hauhitaji kuhisi. Miezi ilienda. Asubuhi moja nilisema, na mke wangu akajibu kutoka uani alikokuwa anafua.

"Nimesikia," akasema. Nikasikia nguo zikirudi majini.

Nilienda Ruiru kesho yake. Mkaguzi alinishika mabega yote mawili akatia wino kwenye shati langu. Aliyekuwa akishika nafasi yangu alikuwa mchinjaji kutoka Ngoliba, mtu mzima wa makamo yangu, mstaarabu. Kulikuwa na mbuzi amelazwa. Yule wa Ngoliba akanipa kisu chake mwenyewe, kwa heshima, mpini mbele. Nikainama. Nikataja. Wachunaji walisikia, mkaguzi alisikia, na mtu mmoja nyuma akasema, "Ameweza." Kisha nikakaza mkono, na gumba halikuja. Kisu kikageuka kiganjani, kikaanguka kwenye saruji kabla hakijamgusa mnyama.

Kumtesa mnyama kwa mkono usio imara ni dhambi, na hakuna aliyehitaji kunikumbusha. Yule wa Ngoliba akakiokota kisu, akakisuuza, akataja upya kwa ulimi wake, akakata. Mkaguzi alikuwa anatazama ukuta. Niliondoka bila kuaga, na sidhani nimewahi kujichukia kama nilivyojichukia njiani siku ile. Ulimi uliokatwa ulikuwa umerudi. Mkono uliokuwa mzima nilikuwa nimeupoteza mwenyewe.

Nyumbani nilivunja kikombe, kesho yake sahani. Watoto wakaanza kula kwa jirani. Siku ya tatu mke wangu alikusanya vigae kwa ufagio, polepole, akasimama navyo.

"Baba, mwambie mtu mmoja ukweli," akasema, "kabla hatujaanza kula kwa majani ya mgomba."

Nilimwendea mwalimu wa msikiti. Ni mdogo wangu kwa miaka kumi, na tangu aje sikuwa nimempa uzito. Nilimkuta amechuchumaa kwenye mahali pa kutawadhia, ana spana, anabadilisha mpira wa bomba lililokuwa linavuja. Nikamweleza yote, kwa l zangu mbovu, kutoka kwenye uongo mpaka kwenye saruji ya Ruiru. Hakuacha kukaza bomba. Nilipomaliza akaniuliza nikitawadha naosha mikono mingapi. Nikamwambia miwili. Akaniuliza mpaka wapi. Nikamwambia mpaka viwikoni.

"Mara tano kwa siku?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi ngozi ile ilikuwa safi kuliko kisu chako," akasema. "Ungeniuliza."

Nilisimama pale nikiona maji ya bomba yanapita miguuni mwangu. Miaka yote hiyo nimemwaga maji kwenye mkono wa kushoto, kutoka vidoleni mpaka kiwikoni, na sikuwahi kujiuliza namwosha nani. Nilikuwa nimeogopa kitu kisichokuwa dini, nikakipa jina la dini. Nikamwuliza kama mtu anaweza kuchinja kwa kushoto. Akasema kulia ndiko bora, lakini asiyeweza ana udhuru. Nikamwambia udhuru huu nimeutengeneza mwenyewe. Akafikiri.

"Hilo ni lako na Mungu wako. Ng'ombe hatakuuliza." Kisha akaniambia nimshikie bomba hapo chini, nami nikalishika, na ni kwa kushoto nililishika.

Jirani yetu alikuwa anang'oa migomba yake ya zamani. Mke wangu akaiomba, akanilazia mashina uani, moja baada ya jingine, nene na jembamba, akaketi kwenye kigoda kando. Nilikata kwa kushoto. Mwanzoni niliyakata kama mtu anayesaga, kisu kinapanda kinashuka. Nilipiga kelele, nikatukana, nikatoka nikatembea mpaka Chania, nikarudi, nikakuta amelaza shina jingine. Nilijifunza upya kunoa, kusimama, kuweka goti. Nilijifunza kuandika kwenye daftari lile lile la hospitali. Vijiko nilivishika kwa kushoto nyuma ya pazia, peke yangu, watoto wasione, mpaka siku moja mke wangu aliliondoa lile pazia akalifua, na hakulirudisha.

Jioni hiyo alisema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema siku ile kwa daktari angeweza kusema. Alifungua mdomo, akawaza sinia, akawaza wali wake na kinywa changu, akaufunga. "Nilinyamaza kwa sababu nilitaka udanganye," akasema. Nililia. Ilikuwa mwaka wa pili tangu upasuaji, na nilikuwa nimedhani niko peke yangu ndani ya uongo ule.

Nilipoenda tena kuangaliwa Nairobi, daktari alinipa fomu nijaze. Nikachukua kalamu kwa kushoto, nikaandika taratibu, herufi za duara, zinazosomeka. Alitabasamu, akasema hati imekuwa nzuri, siku ile ya kwanza labda ilikuwa hofu. Hapo ningeweza kunyamaza na kila kitu kingekaa vizuri kwenye faili. Nikamwambia. Aliweka faili chini, akavua miwani, akajifuta macho kwa kiganja. Akaugeuza mkono wangu wa kulia, akalitazama lile kovu kwa muda mrefu.

"Ungeniambia," akasema. "Kuna ngozi ya kifua. Kingekuwa kiraka kinene zaidi, lakini ningekushonea hicho, na mikono yote miwili ningekuachia."

Hakunikaripia. Alisema kosa ni lake pia: aliridhika kujua natumia mkono gani, hakuniuliza naufanyia nini. Nilitoka pale nikatembea mjini bila kujua naenda wapi. Wa kwanza aliniambia ungeniuliza, wa pili ungeniambia. Yalikuwa yanatosha maneno mawili, kwa mtu yeyote kati ya hao wawili, wakati bado nilikuwa na ulimi mzima wa kuyasemea.

Ruiru nilirudi kabla tu ya mvua zile za El Nino. Nilikuwa nimepeleka ujumbe kwa mkaguzi, naye hakuwaambia wengine, ili watu wasije kutazama. Yule wa Ngoliba alikuwepo. Alikuwa amelaza fahali mwekundu, akanipisha. Kisu kilikuwa changu, nimekinoa uani kwangu, mpini nimeuzungushia kitambaa kwa ajili ya mkono wa kushoto. Niliogopa sauti itanikatikia. Nikaweka goti. Nikataja. Nikakata mara moja.

Fahali alitulia. Wachunaji wakaingia kazini kama siku yoyote. Mkaguzi alipofika kwenye kichwa, akavuta ulimi, akaubonyeza kutoka shinani hadi nchani, na alichukua muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akapiga muhuri. Hakunitazama, na nilimshukuru kwa hilo.

Mchana wachunaji walichoma ini kando ya ukuta kama walivyozoea, wakakata vipande kwenye ubao, kila mtu akajichukulia. Nilinyoosha mkono wa kushoto katikati ya mikono yao, na hakuna aliyeutazama. Nilitia kipande kinywani. Nusu moja ya ulimi ilionja chumvi na moto. Kisha kikateleza upande wa pili, upande usioonja kitu, na kile nilichokipeleka kwa mkono wa kushoto kikapokelewa na ngozi ya mkono wangu wa kulia. Nikatafuna.